Namba 17 haipatikani

Hii stori nimekaa nayo zaidi ya mwaka sijui niiandike wapi, manake inaanzia Arua kwa mzee wangu, inapita Marekani miaka ya 1880, halafu inakuja kuishia hapa Nasser Road kwenye mashine yangu mwenyewe, na kila nikianza kuisimulia kwa mdomo watu wananikatiza, sasa wewe unaongelea tumbaku au unaongelea uchapaji? Naongelea vyote viwili. Mnivumilie tu.

Kwa asiyenijua, mimi ni mchapaji. Nasser Road ni ile barabara ya Kampala ambayo ukitaka kadi za harusi, kalenda, lebo, risiti za duka au mapicha makubwa ya mgombea, unaingia asubuhi na jioni unatoka nayo begani. Nina mashine moja ya ofseti ya zamani, giloti moja ya kukatia, na vijana watatu. Mwaka jana akaja mama mmoja anayefunga asali ya kwetu West Nile, kule Arua kaskazini magharibi mwa Uganda, akataka lebo yenye sura ya kizamani, "kama vitu vya enzi za babu." Nikamwambia mama sawa, nipe siku mbili. Usiku nikaingia kwenye simu kutafuta mifano ya lebo za zamani na huko ndiko nikaangukia kwenye tovuti ya jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, na mbele yangu zikajipanga picha ndogondogo, mamia na mamia, za ndege, bendera, wapiga ngumi, maharamia, waigizaji wa kike, samaki, na chini ya kila moja limeandikwa jina la kampuni ya sigara.

Ndiyo, sigara. Kila picha ile ilitoka ndani ya pakiti ya sigara.

Nililala saa tisa za usiku siku ile. Lebo ya asali ilichelewa na yule mama alinisamehe, Mungu ambariki.

Sasa ngoja nieleze kadi yenyewe ilivyo, manake mtu ambaye hajachapa anaweza kuiona kama kipande cha karatasi tu. Kadi ya Allen & Ginter, kampuni ya Richmond kule Virginia, ina upana wa kama milimita 38 na urefu wa 70 hivi, yaani ukiiweka juu ya kadi yako ya benki inabaki nafasi pande zote. Mbele kuna mtu, tuseme mpiga ngumi John L. Sullivan au Annie Oakley yule mwanamke mpiga shabaha, amechorwa kifua na uso, nyuma yake hakuna kitu, pamewachwa wazi ili macho yasiende kwingine. Chini kuna jina lake na jina la kampuni. Nikakuza picha kwenye simu mpaka mwisho, nikaona kitu kilichonifanya nikae vizuri kitandani: madoa ya wino kwenye shavu hayakukaa kwa mpangilio. Sisi leo tunachapa kwa rangi nne na ukiangalia kwa glasi ya kukuza unakuta vidoa vimejipanga kama askari kwenye gwaride. Pale vidoa vimesambaa kama mtama uliomwagika, hapa vingi hapa vichache, kwa sababu viliwekwa na mkono wa mtu. Ule ulikuwa uchapaji wa mawe, litografia, mawe ya chokaa laini kutoka Bavaria kule Ujerumani, na kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Rangi nane, mawe manane. Fundi anachora na mafuta juu ya jiwe, jiwe linaloweshwa maji, wino unashika palipo na mafuta tu na kukataa palipo na maji, halafu karatasi ile ile inapitishwa mara nane bila kusogea hata unywele mmoja, la sivyo mdomo wa mtu unakuja kukaa shavuni. Mimi nikipiga rangi nne na karatasi ikasogea kidogo tu nusu ya kazi inaenda kwenye takataka. Wao walifanya mara nane, kumi, kwa kitu ambacho mtu anakipata bure ndani ya pakiti ya sigara kumi.

Hapo ndipo nikajiuliza swali ambalo mchapaji yeyote atajiuliza. Nani analipia hii kazi, na kwa nini?

Mwanzoni kadi haikuwa na picha. Pakiti za wakati ule zilikuwa karatasi laini, sigara zinapondeka mfukoni, kwa hiyo wakaweka kipande cha karatasi ngumu katikati kuzikinga. Basi. Kipande kitupu. Kisha mtu akaona, hiki kipande tayari tunakilipia, tayari kinaingia kwa kila mteja, mbona kikae kitupu? Hili mimi nalielewa kabisa, hata mimi nikikata kadi za harusi zile pembe zinazobaki nazichapia namba yangu ya simu.

Lakini picha kuwepo ni jambo moja, na picha kuwa nzuri vile ni jambo lingine. Kwa hilo inabidi turudi kwenye mashine.

Mwaka 1875 Allen & Ginter walitangaza zawadi ya dola 75,000 kwa atakayetengeneza mashine ya kusokota sigara. Wakati huo sigara zilisokotwa kwa mkono, na Richmond kazi hiyo ilikuwa ya wasichana, wanakaa mezani wamejipanga, kila mmoja anasokota labda nne kwa dakika akiwa mwepesi. Kijana mmoja wa Virginia, James Bonsack, aliyezaliwa 1859, akaacha shule akaenda kuhangaika na hiyo mashine, na mwaka 1881 akapata hataza yake. Ikifanya kazi vizuri ilitoa sigara kama 200 kwa dakika. Siku ya saa kumi, 120,000. Mashine moja inakula kazi ya watu karibu hamsini. Na cha ajabu Allen & Ginter walioahidi zawadi wakaijaribu na kuikataa.

Aliyeichukua ni James Buchanan Duke wa Durham, North Carolina. Mtoto wa mkulima wa tumbaku. Hapo mwanzo yeye pia alikuwa na wasokotaji wa mkono, wengi wao Wayahudi waliohama kutoka Ulaya Mashariki, akawatoa New York mpaka Durham, na mwaka 1884 mashine ya Bonsack ilipotulia hawakuwa na kazi tena. Akashusha bei mpaka senti 5 kwa pakiti ya sigara kumi, manake serikali ilikuwa imepunguza kodi mwaka 1883 na mashine imepunguza gharama.

Sasa sikiliza tatizo lake. Ana sigara nyingi kuliko wavutaji. Wamarekani wengi wa wakati ule walikuwa wanatafuna tumbaku au wanavuta kiko au zile sigara nene za jani tupu, na hii nyembamba ya karatasi ilikuwa kitu cha watu wachache wa mjini, tena wengine waliidharau wakisema si ya mwanaume kamili. Waswahili tunasema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na huyu bwana alikuwa na vitu milioni mia kadhaa kwa mwaka vinavyohitaji kutembezwa. Hakuna aliyekuwa ameviomba. Nadhani hapa ndipo watu wengi wanapokosea wakiongelea matangazo ya zamani, wanafikiri watu walitaka sigara halafu kampuni zikashindana kuwapa. Hapana. Mashine ilitangulia, hamu ikafuata, na hamu ilibidi itengenezwe kama vile sigara zenyewe zilivyotengenezwa. Inasemekana mwaka 1889 Duke alitumia karibu dola 800,000 kwenye matangazo mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya hayo ilikuwa makaratasi: kadi, albamu, mabango, kuponi.

Na ndani ya hizo kadi kuna akili moja ambayo mimi kama mtu wa karatasi naiheshimu na naiogopa.

Geuza ile kadi ya Allen & Ginter ya mwaka 1887, seti yao ya mabingwa wa dunia. Nyuma kuna orodha ya majina ya mabingwa wote hamsini, wacheza besiboli, wapiga makasia, wapiga ngumi, wapiga miereka, wapiga shabaha, na inakwambia kila boksi la sigara kumi lina kadi moja. Basi umeshikwa. Kabla ya kugeuza ulikuwa na kadi moja, umepata kitu. Ukishageuza unakosa 49. Kadi ile ile, mkono ule ule, lakini umekuwa maskini ghafla kwa kusoma orodha.

Niliwahi kukaa na mpwa wangu anayefundisha hesabu sekondari tukapiga hii hesabu kwenye karatasi. Kadi hamsini zikichanganywa sawasawa na wewe unanunua bila kuona ndani, unahitaji wastani wa pakiti 225 kumaliza seti. Sigara 2,250. Na ubaya uko mwishoni, manake ukishafika 49 na unatafuta moja tu iliyobaki, kila pakiti ina nafasi moja kati ya hamsini, kwa hiyo hiyo kadi ya mwisho peke yake inakula wastani wa pakiti hamsini, sigara 500 kwa ajili ya kipande kimoja cha karatasi. Mpwa wangu akaweka kalamu chini akasema, "Mjomba, hawa walikuwa wanauza ile ambayo haipo."

Ndivyo ilivyokuwa. Na aliyeumwa zaidi na hiyo ambayo haipo hakuwa mvutaji, alikuwa mtoto. Watoto hawakuwa na hela ya sigara ila walikuwa na baba, wajomba, na wapita njia. Uingereza, ambako Wills wa Bristol nao walinunua mashine ya Bonsack wakaanza kuweka kadi kabla ya karne kuisha, watoto walikuwa wanasimama nje ya duka la tumbaku kusubiri watu watoke na kuwaomba kadi. Baba ananunua aina fulani kwa sababu mwanawe anajaza albamu ya aina hiyo. Na wengine kati ya hao watoto, wale wavulana wakubwa kidogo, walizinunua wenyewe na kuzivuta.

Baba yake Duke, mzee Washington Duke, mkulima wa zamani na mtu wa kanisa, alikasirika. Kadi nyingi za mwanawe zilikuwa za waigizaji wa kike waliovaa nguo za kubana za jukwaani, na mwaka 1894 mzee akamwandikia mwanawe barua akimwambia hapendi kabisa picha za namna hiyo kugawiwa, kwamba zinaharibu vijana wa kiume na wa kike. Hiyo barua naifikiria sana. Mzee alikubali pesa ya sigara, kilichomuuma ni picha. Mimi nimezaliwa upande wa pili, najua jani linafanya nini.

Sisi kwetu nje kidogo ya Arua tulilima tumbaku nikiwa mdogo, kama nusu ya watu wa kule. Kuna banda refu la matope lenye mabomba ya kupitisha joto, unachochea kuni nje usiku na mchana, siku tano sita moto hautakiwi kuzima wala kuzidi, na mzee wangu alikuwa anaamka saa nane za usiku kwenda kuweka mkono ukutani asikie. Kazi yetu watoto ilikuwa kufunga majani kwenye fito. Jani bichi la tumbaku lina gundi. Inaanza kama jasho tu, baada ya nusu saa vidole vimekuwa vyeusi na vinanata, ukishika ugali unaona alama zako, na sabuni haiitoi, unasugua kwa majivu. Asubuhi yenye umande ndiyo mbaya zaidi. Nakumbuka siku moja tulivuna majani yamelowa, nilikuwa na miaka tisa hivi, nikayabeba kifuani mpaka shati likalowa, na kufikia saa tano kichwa kinazunguka, natapika pembeni ya banda na mama ananipa maji na kunilaza chini ya mwembe. Walisema ni malaria. Nimekuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba nikotini inapita kwenye ngozi ikiwa jani limelowa. Nilikuwa nimelewa tumbaku bila kuivuta.

Kuni zile zilitoka wapi? Kilima cha nyuma ya kwetu kilikuwa na miti na sasa hakina. Niishie hapo, hilo lina andiko lake.

Nikaiangalia tena kadi ya Annie Oakley. Hakuna jani popote. Hamna mkulima, hamna gundi, hamna msichana wa Richmond mezani, hamna hata moshi. Kuna mwanamke jasiri na rangi nane nzuri. Na zile seti zingine! Mwaka 1886, mwaka ule ule wa mashahidi wa Namugongo, wale Wakristo waliouawa hapa Uganda, Allen & Ginter walitoa seti ya watu wa nchi mbalimbali wakiwa wamevaa mavazi yao, na 1888 wakatoa seti ya wanyama wa porini wa dunia, kadi hamsini. Yaani mvulana wa Virginia aliweza kukusanya dunia nzima kwenye boksi la viatu, mtu mmoja kwa kila nchi, na sisi tulikuwa humo kama sura moja ya kujazia nafasi. Sijui ni wangapi waliojua dunia kwa njia hiyo tu, kadi yenye jina mbele na tangazo nyuma. Nasema hivi bila chuki na wachoraji wale, mkono wao ni mkono wa fundi hasa. Ila inauma.

Duke alishinda. Mwaka 1890 kampuni tano kubwa zilizokuwa zinachinjana kwa kadi na kuponi, pamoja na Allen & Ginter walioikataa mashine, ziliungana zikawa American Tobacco Company, yeye akiwa kiongozi, na zikashika karibu asilimia 90 ya sigara zote za Marekani. Hela ya kadi ilianza kupungua hapohapo, manake ukishakuwa peke yako sokoni hakuna haja ya kumbembeleza mtu kwa picha ya ndege. Alipovuka kwenda Uingereza 1901 Waingereza wakaungana wakawa Imperial, na mwaka 1902 pande mbili zikagawana dunia na kuunda British American Tobacco, ambayo kabla ya miaka ya 1920 kuisha ilikuwa na kiwanda Jinja. Kwa hiyo ule mstari kutoka kwenye mashine ya Bonsack mpaka kwenye mashamba ya West Nile si mrefu hata kidogo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja American Tobacco mwaka 1911.

Katika hiyo miaka ya mwisho kabla ya kuvunjwa, 1909 hadi 1911, ndipo ilitoka kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ambaye alikataa picha yake itumike na uchapaji ukasimamishwa zikiwa zimetoka chache tu. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25. Si kwa uzuri wake, nimeiangalia, ni kadi ya kawaida. Ni kwa sababu haipo.

Nataka kusema pia juu ya mtu mmoja ambaye bila yeye nisingeona hata moja ya hizi. Jefferson Burdick, kibarua wa kiwanda cha vifaa vya umeme kule Syracuse, hakuwa tajiri, alikusanya kadi tangu utotoni na akaziorodhesha zote, seti kwa seti. Alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vimepinda. Mwaka 1947 akaanza kuzipeleka Metropolitan, zaidi ya vipande 300,000, na akazibandika mwenyewe kwenye albamu, mwaka baada ya mwaka, na vidole vile. Alimaliza Januari 1963 na baada ya miezi miwili akafariki. Kila nikimfikiria huyu mtu nashindwa kusema kadi zilikuwa uovu tu. Kitu kilichotengenezwa kukukamata yeye alikigeuza akakifanya cha watu wote, mpaka mchapaji wa Nasser Road anakiona saa tisa za usiku kwenye simu yenye ufa, bila kununua sigara hata moja.

Sasa nije kwangu, manake ndiyo sababu ya kuandika.

Miezi mitatu baada ya kuzigundua hizi kadi alikuja mteja wa pipi. Anatengeneza mwenyewe, kiwanda kidogo, anaweka kila pipi kwenye kifuko na kuiuza shilingi 200. Akataka stika za wachezaji mpira waliochorwa, 24, kila moja na namba, moja ndani ya kila kifuko, na albamu ya kurasa nne. Mtoto akijaza zote 24 anapewa mpira. Nikafurahi, kazi nzuri, nikampangia 24 kwenye shiti moja, shiti 5,000. Akaangalia karatasi ya majaribio, akaweka kidole kwenye namba 17, akasema, "Mkubwa, hii ya 17 itoe. Nipigie mia mbili tu, pembeni."

Nilijua anamaanisha nini. Nilikuwa nimetoka kusoma mambo haya yote, nilikuwa na picha ya Annie Oakley kwenye simu. Na kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa. Nikatoa 17 kwenye pleti, lile bati la kuchapia, nafasi yake nikaweka namba 4 mara ya pili, mtu hawezi kugundua, na 17 nikaipiga kwenye shiti ndogo 25, kila shiti inakaa nane. Mia mbili kamili. Ilichukua dakika kumi na tano.

Mwanangu wa kiume ana miaka minane. Sikumwambia kitu. Zile pipi zilifika mpaka duka la pale kwetu na baada ya wiki mbili nikaona albamu kwenye begi lake la shule, stika zimebandikwa vizuri, amezisawazisha kwa rula, namba 4 za ziada amezifunga na uzi wa raba. Akawa anaomba shilingi 200 kila siku. Akawa halili chapati shuleni, hela ya chapati inaenda kwenye pipi, na pipi zenyewe hazipendi, anawapa wenzake. Amefika 23. Jioni moja akaja kukaa karibu yangu akaniuliza, "Baba, wewe unajua mambo ya kuchapa. Kwa nini 17 haitoki?"

Nilipiga ile hesabu tena usiku huo. Stika 120,200 zimeingia sokoni, 17 ni mia mbili, kwa hiyo ni moja kwenye kila pipi 601. Kwa bei ya dukani ni shilingi 120,200 kuipata moja. Mwanangu alikuwa anaitafuta kwa hela ya chapati.

Wakati wa kuanzisha mashine huwa kuna shiti za kuharibika, wino haujatulia, tunaziweka kwenye boksi la chini ya giloti kwa ajili ya kufutia mikono. Nikaenda nikachimbua, nikapata shiti moja ya 17, rangi nyekundu imepauka kidogo upande mmoja lakini nzima. Nikaja nayo nyumbani bila kuikata. Nikamwekea mezani juu ya albamu.

Hakuigusa mara moja. Akahesabu kwa kidole, moja mpaka nane, halafu akaniangalia. "Kumbe ziko nyingi?"

Nikamwambia ukweli wote, pamoja na kodi ya chumba. Alisikiliza. Akaomba mkasi, akakata moja, akaibandika kwenye nafasi yake, saba zilizobaki akaenda nazo shule kesho yake. Mpira hakuuomba, mimi pia sikumwambia aombe.

Mwezi wa pili mwaka huu yule mteja alirudi na seti mpya, wanyama safari hii, 24 vilevile. Nikamwambia nitapiga zote sawa au sitapiga. Hakubishana, alicheka kidogo, akakunja karatasi zake akaenda milango mitatu mbele yangu. Jioni nilipita pale nikaziona kwenye meza ya kukatia, simba, tembo, twiga, na pembeni yake rundo dogo peke yake lenye kifaru.

Leo pakiti ya sigara hapa Uganda ina picha tena, sheria ya 2015 inataka onyo la picha na maneno kwenye asilimia 65 ya mbele na nyuma, na aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kuuziwa. Kwenye pipi sijaona sheria. Mwenye kujua kama kuna ofisi inayopokea malalamiko ya stika za watoto aniambie, hata kama ni mimi nitakayekuwa wa kwanza kuandikwa.